Vigae na Grauti vya Jiko la Uani

Jiko la uani hufanya kazi ngumu kuliko chumba chochote cha nyumba. Mchana kutwa kaunta yake inapigwa na jua, jioni inamwagiwa maji ya kuoshea samaki, usiku inapoa, alfajiri inalowa umande. Masika yakiingia, kuanzia Machi hadi Mei, mvua huipiga ubavuni hata kama kuna paa. Katika miji ya mwambao, Tanga, Mombasa, Dar es Salaam au Unguja, upepo wa bahari huongeza chumvi. Halafu yapo mapishi yenyewe: mafuta ya moto, manjano, ukwaju, ndimu, tui linalofurika, sufuria inayoburutwa, kaa la moto linalodondoka.

Jiko la namna hii likiharibika na kuchunguzwa kwa karibu, mara nyingi vigae vyenyewe hukutwa vizima. Kilichokufa ni kilichokuwa kati yake na kilichokuwa chini yake. Grauti imegeuka unga, maji yamepenya, na kigae kimebanduka kikiwa na mgongo safi, bila hata chembe ya saruji iliyonata, kama siku kilipotolewa kwenye boksi. Mgongo huo safi ndio unaoeleza kosa lilipofanyika. Kwa sababu hiyo uchaguzi wa jiko la nje ni uchaguzi wa vitu vitatu kwa pamoja: kigae, kinachokishika na kinachojaza mianya. Mwenye nyumba anayemaliza fedha zote kwenye kigae cha bei, kisha akamwachia fundi ajitafutie gundi na grauti, amenunua uso bila mwili.

Yaanze majina, maana dukani majina huwapoteza wengi. Mitaani vigae vyote huitwa tailizi, na wapo wanaoviita marumaru. Kwa asili marumaru ni jiwe, aina ya chokaa iliyobadilishwa na joto na mgandamizo chini ya ardhi, na lina tabia zake zitakazoelezwa mbele. Anayeomba marumaru bila kufafanua anaweza kuondoka na kigae cha udongo kilichochapwa picha ya jiwe. Swali la kumuuliza muuzaji ni jingine kabisa: kigae hiki kinakunywa maji kiasi gani?

Hapo ndipo familia mbili kuu zinapotengana. Kigae cha udongo wa kawaida kina mwili wenye vinyweleo vingi, kikafunikwa juu na ganda jembamba la kioo linalokipa rangi. Kigae cha kaure, ambacho wauzaji hukiita poselini, hutengenezwa kwa udongo safi, mchanga na mawe ya feldspa yaliyosagwa, vikashindiliwa na kuchomwa kwenye joto la karibu nyuzi 1,200 za Selsiasi mpaka mwili wote ukakaribia kuwa kioo. Kiwango cha kimataifa cha ISO 13006 huvipanga vigae kwa kipimo hicho cha unywaji maji. Kaure haipiti asilimia 0.5 ya uzito wake. Kigae cha ukutani cha ndani hupita asilimia 10. Katikati yapo makundi mengine, ya hadi asilimia 3, hadi 6 na hadi 10. Kwa jiko la nje, linalolowa na kukauka kila siku, kaure ndiyo chaguo la kwanza. Kigae kisichozidi asilimia 3 kinavumilika mahali penye paa zuri. Cha ukutani hakifai, hata kiwe kizuri namna gani machoni.

Vitabu vya Ulaya husisitiza unywaji maji kwa sababu ya barafu inayopasua vigae wakati wa baridi. Mwambao wa Afrika Mashariki hauna barafu, na wapo wanaohitimisha kwamba basi jambo hili haliwahusu. Linawahusu kwa njia nyingine. Udongo wenye vinyweleo unavyonyonya unyevu mwaka baada ya mwaka huvimba kidogo kidogo, na ganda la kioo lililo juu yake halivimbi. Matokeo yake ni nyufa nyembamba kama utando wa buibui, na ndani ya nyufa hizo mafuta na masizi hupata makazi ya kudumu. Hakuna sabuni inayoyatoa.

Boksi zuri huandikwa kipimo hicho. Lisipoandikwa, au likiandikwa na mnunuzi akawa na shaka, jaribio la nyumbani linatosha kutenganisha familia hizi mbili. Hutafutwa vipande vilivyovunjika vya kigae kile kile, na maduka mengi huwa navyo nyuma ya ghala. Hukaushwa juani siku nzima, kisha hupimwa kwenye mzani unaosoma gramu mpaka ipatikane kilo moja. Huzamishwa kwenye ndoo ya maji usiku kucha, hutolewa asubuhi, hufutwa kwa kitambaa mpaka uso usiwe na tone, na hupimwa tena. Kilo moja ya kaure haitaongezeka zaidi ya gramu 5. Kilo moja ya kigae cha ukutani inaweza kuongezeka gramu 100 na kupita. Maabara hupata namba ya juu kidogo, kwa kuwa huko kigae huchemshwa au huwekwa kwenye ombwe ili maji yaingie hata kwenye vinyweleo vidogo kabisa, lakini tofauti ya 5 na 100 haifichiki. Kwa mwenye haraka, tone la maji mgongoni mwa kigae hutoa fununu: likinywewa mbele ya macho, kigae hicho kirudi rafuni.

Rangi ya mwili wa kigae haithibitishi kitu. Wekundu huonyesha mara nyingi kwamba ni udongo wa kawaida, ila weupe hauthibitishi kwamba ni kaure. Vipo vigae vyeupe ndani vinavyokunywa maji kama sponji. Wala swali la vya nyumbani au vya nje halimalizi shauri. Viwanda vya Mkuranga na Chalinze mkoani Pwani, na vya Kajiado na Athi River nchini Kenya, hutoa vigae kwa matumizi mbalimbali, na kila boksi lahukumiwa kwa kipimo chake.

Kuhusu chumvi ya bahari, mwambao una ushahidi wa miaka mingi. Katika makaburi ya nguzo ya Kunduchi, Dar es Salaam, na ya Mambrui, kaskazini ya Malindi, mafundi wa zamani walipachika bakuli za kaure kutoka China ndani ya chokaa. Nyingi zimeng'oka au kuibwa, zikabaki duara tupu ukutani. Kaure haikuwahi kuliwa na upepo wa chumvi. Udhaifu ulikuwa pale inaposhikwa.

Baada ya mwili unafuata uso. Kaure huuzwa ikiwa na ganda la kioo, ikiwa imesuguliwa mpaka inang'aa, au ikiwa haina ganda na haing'ai. Ile iliyosuguliwa ndiyo inayopendwa zaidi na ndiyo inayoleta majuto mengi jikoni. Kusugua hufungua vinyweleo vidogo vilivyokuwa vimezibwa juu ya kigae, na humo ndimo rangi huingia. Njia ya kujua kabla ya kununua ni kuomba kipande kimoja na kukipeleka jikoni. Huchanganywa kijiko cha mafuta ya kula na nusu kijiko cha manjano, hupakwa sehemu moja ya kipande. Sehemu ya pili huwekwa mchuzi wa ukwaju, na ya tatu kipande cha mkaa husuguliwa kwa kidole. Huachwa mpaka asubuhi, kisha huoshwa kwa sabuni ya kawaida na sponji laini. Doa la manjano likibaki baada ya usiku mmoja, litabaki kwenye kaunta miaka yote. Jaribio hili lina thamani kuliko maelezo ya muuzaji yeyote, na gharama yake ni kijiko cha manjano.

Vigae vyenye ganda hupewa daraja la kustahimili msuguano, kuanzia 0 hadi 5, likiandikwa kwa herufi PEI. Kaunta haikanyagwi, kwa hiyo daraja la 3 linatosha. Sakafu ya uani ni habari nyingine. Mchanga unaoingia na kandambili ni mgumu kuliko ganda la kioo, na kila hatua ni msasa. Hapo daraja la 4 au la 5 ndilo linalofaa, au kaure isiyo na ganda, ambayo hata ikilika rangi ni ile ile mpaka ndani.

Utelezi hupimwa kwa herufi R, kutoka R9 hadi R13, kwa kadiri kigae kinavyoshika soli kwenye mteremko uliopakwa mafuta. R9 ni ya sebuleni. Sakafu ya jiko la nje, yenye maji na mafuta kwa wakati mmoja, inahitaji R11, na R10 iwe ndiyo mwisho wa kushuka. Kupanda hadi R12 au R13 huleta shida ya pili: ukwaruzo wa uso ni mkali kiasi kwamba fagio la chelewa linakwama na mafuta yanaganda mabondeni. Rangi nayo si suala la urembo peke yake. Kigae cheusi kwenye jua la saa sita kinaunguza nyayo za mtoto. Kijivu chepesi, rangi ya mchanga au hudhurungi iliyopauka hubeba joto kidogo na huficha majivu.

Mawe ya asili yana wapenzi wao. Marumaru halisi na mawe mengine ya chokaa yana adui mmoja asiyeepukika jikoni, nayo ni tindikali. Ndimu iliyokatwa na kuachwa dakika chache huacha duara lililofifia, kwa kuwa maji yake yamekula jiwe lenyewe. Hilo si doa, na halifutiki. Siki na ukwaju hufanya vivyo hivyo. Itale haina udhaifu huo na ni kaunta nzuri ikipakwa dawa ya kuziba vinyweleo. Vigae vya saruji vyenye nakshi, vile vinavyoonekana bado katika nyumba za zamani za Mji Mkongwe wa Unguja, vinapendeza barazani, ila na vyenyewe huliwa na tindikali. Kwa sakafu ya kukaa, sawa. Kwa meza ya kukamulia ndimu, hapana.

Moto unahitaji tahadhari ya peke yake. Kaa linalowaka hupita nyuzi 700. Kigae kilichochomwa kwenye nyuzi 1,200 hakiyeyuki kwa joto hilo, ila hupasuka pale upande mmoja unapochemka na wa pili ukabaki baridi, au pale mpishi anapomwaga maji baridi juu yake. Gundi iliyo nyuma yake huchoka mapema zaidi. Saruji yenyewe huanza kupoteza nguvu joto linapopita nyuzi 300 hivi, na viungo vya plastiki vilivyomo kwenye gundi ya kisasa hushindwa kabla ya hapo. Kwa hiyo tumbo la jiko la kuchomea hujengwa kwa matofali yanayostahimili moto, yakiunganishwa kwa udongo wa aina hiyo hiyo, na vigae husimama mbali kidogo, kiasi cha sentimita 30 kutoka mahali mkaa unapolala. Jiko la mkaa la kubebeka nalo lisiwekwe moja kwa moja juu ya kaunta wala sakafu ya vigae. Matofali mawili chini yake, yakiacha njia ya hewa, yameokoa sakafu nyingi.

Chini ya kigae kuna zege, na zege la pwani lina ugonjwa wake. Mchanga wa ufukweni una chumvi. Maji ya visima vingi vya mwambao nayo yana chumvi. Vikiingia kwenye zege, nondo hushika kutu, huvimba na kulipasua. Vikiingia kwenye plasta, chumvi husafiri na unyevu mpaka juu na kuchomoza kwenye mistari ya grauti kama ukungu mweupe unaorudi kila unapofutwa. Wengi huilaumu grauti. Kosa limelala chini zaidi, na dawa pekee ni kutumia mchanga wa mtoni au uliooshwa, na maji yanayonyweka, tangu siku ya kwanza. Zege liachwe siku 28 likomae kabla ya kuwekewa vigae, kwani linapokauka husinyaa, na kigae kilichopachikwa mapema hakisinyai nalo, kikajikuta hakina nafasi.

Mteremko hufanyika kwenye zege na plasta. Hauongezwi kwa gundi. Sentimita 2 kwa kila mita zinatosha kwa sakafu, na sentimita 1 kwa kaunta, maji yakielekezwa mbali na ukuta. Juu ya kaunta na kuzunguka sinki hupakwa dawa ya saruji ya kuzuia maji, mikono miwili, wa pili ukikatiza wa kwanza, na hupandishwa ukutani sentimita 15 hivi. Kazi hii haionekani ikishafunikwa, na ndiyo inayorukwa kwanza bajeti ikibana. Kigae na grauti peke yao havizuii maji yote. Kinachoyazuia kweli ni ngozi hii iliyo chini.

Sasa kile kigae chenye mgongo safi. Rojo ya saruji na mchanga hushika kigae cha udongo kwa kuingia kwenye vinyweleo vyake na kugandia humo. Ndiyo maana mafundi wa zamani walivilowesha vigae kabla ya kuvipachika, na walikuwa sahihi kwa vigae vile, maana kigae kikavu kingefyonza maji ya rojo kabla haijakomaa. Kaure haina vinyweleo vya kuingiliwa. Ule ugumu unaoifanya ifae kwa jiko la nje ndio unaoifanya ikatae saruji ya kawaida, na fundi anayetumia njia ya zamani kwa kigae cha sasa anaacha vigae vimelala tu juu ya kitanda chake, vikisubiri sababu ya kuondoka. Kaure inahitaji gundi ya unga yenye viungo vya kunata.

Mifuko ya gundi huandikwa alama. C1 ni ya kawaida. C2 inashika mara mbili yake, yaani angalau nyutoni 1 kwa kila milimita ya mraba, ambayo ni karibu sawa na uzito wa kilo 10 kwenye eneo la ukucha wa kidole gumba. T maana yake haiporomoki ukutani. E hubaki na unyevu wa kunata kwa angalau dakika 30 baada ya kutandazwa. S1 hunyumbulika kidogo kigae na zege vinapovutana. Kwa jiko la nje alama za kutafuta ni C2TE S1. Hapa si mahali pa kubana matumizi.

Namna ya kutandaza ina uzito sawa na aina ya gundi. Mtindo wa madonge, manne pembeni na moja katikati, huacha mapango chini ya kigae. Maji hujaa humo, na siku mtungi wa gesi ukiangukia juu ya pango, kigae hupasuka. Nje, gundi inatakiwa ishike asilimia 95 ya mgongo. Fundi makini hutandaza kwa mwiko wa meno, mistari yote ikielekea upande mmoja, hupaka safu nyembamba mgongoni mwa kigae pia, kisha hukisukuma huku na huko kukatiza mistari ile. Kuhakiki ni rahisi: kigae kimoja katika kila kumi hunyanyuliwa kabla gundi haijashika na kutazamwa mgongo. Ukiwa umejaa kote mpaka pembeni, kazi iendelee. Mistari ya meno ikionekana bado imesimama bila kulala, kigae hakikusukumwa vya kutosha. Gundi ikiwa na utando mkavu juu, ilikaa sana kwenye upepo, ikwanguliwe na kutupwa.

Mianya kati ya vigae ndipo grauti inapoingia, na jambo la kwanza ni kwamba mianya lazima iwepo. Mtindo wa kugandisha vigae bila nafasi, ili sakafu ionekane kama jiwe moja, haufai nje. Kaure iliyokatwa pembe kwa mashine ipewe milimita 3 hadi 5, na vigae vingine 5 hadi 8. Misalaba midogo ya plastiki huweka nafasi sawa, na hutolewa kabla ya kujaza.

Katika nyumba nyingi mianya bado hujazwa simenti nyeupe iliyokorogwa kwa maji. Mwezi wa kwanza inapendeza. Simenti tupu husinyaa inapokauka, kwa hiyo hupata nyufa za unywele, na hunyonya kila kinachomwagika. Jikoni hubadilika kuwa ya njano, kisha nyeusi, kisha ikaanza kutoka kwa fagio. Grauti halisi ya saruji ina mchanga laini uliopimwa na viungo vya kupunguza unyonyaji. Isiyo na mchanga ni ya mianya isiyopita milimita 3. Yenye mchanga ni ya mipana zaidi. Alama ya kutafuta mfukoni ni CG2 ikifuatwa na W, inayoonyesha inanyonya maji kidogo, na A, inayoonyesha inastahimili kusuguliwa.

Grauti nzuri huuawa na maji ya kukorogea kuliko kitu kingine chochote. Rojo nyepesi huingia kwenye mianya kwa urahisi na humfurahisha fundi, ila maji ya ziada yakishakauka huacha vinyweleo, na mistari hupauka mabaka mabaka. Maji hupimwa kwa kipimo kilichoandikwa mfukoni, si kwa jicho. Rojo hukorogwa, huachwa dakika chache, hukorogwa tena, na ikianza kuwa ngumu kwenye ndoo haiongezwi maji, hutupwa. Mwanya husafishwa kwanza mpaka angalau theluthi mbili za unene wa kigae ziwe wazi. Grauti husukumwa kwa mwiko wa mpira kwa mshazari, mpaka iache kuzama. Sponji ya kufutia ikamuliwe mpaka isidondoke tone, kwani sponji inayochuruzika huosha saruji kutoka kwenye mstari uliojazwa dakika kumi zilizopita. Baadaye kazi hufunikwa na turubai au nailoni siku mbili tatu, isikaushwe na jua. Kwa vigae vya sentimita 30 kwa 30, vyenye unene wa sentimita 1 na mwanya wa milimita 5, hutumika karibu nusu kilo kwa mita ya mraba. Sakafu ya mita 12 za mraba inahitaji kilo 6 na kidogo.

Ipo pia grauti ya epoksi, iliyoandikwa RG, inayokuja kama sehemu mbili zinazochanganywa na kugandishana zenyewe. Hainyonyi manjano, hailiwi na ndimu, na mstari wake ni mgumu kama plastiki nzito. Ina mipaka mitatu: hugeuka njano kwenye jua la moja kwa moja, hulegea karibu na moto, na katika joto la nyuzi 30 na zaidi huganda haraka, kwa hiyo huchanganywa kidogo kidogo na mabaki yake hufutwa papo hapo. Ni ghali mara kadhaa kuliko ya saruji. Hata hivyo kaunta ya mita 3 kwa sentimita 60 haifiki mita 2 za mraba, na kilo moja hivi inatosha. Mgawanyo wenye busara ni epoksi kwenye kaunta iliyo chini ya paa na kuzunguka sinki, na CG2WA sakafuni, karibu na moto na popote jua linapofika. Grauti ya saruji ikishakomaa, hupakwa dawa ya kuziba vinyweleo. Tone la maji likianza kunywewa na mstari badala ya kusimama kama lulu, dawa imekwisha na hupakwa tena. Nyeupe iepukwe mahali pa mkaa. Kijivu na rangi ya udongo huzeeka vizuri.

Si kila mwanya unajazwa grauti. Zege la urefu wa mita 5 likipata joto la nyuzi 25 zaidi hurefuka zaidi ya milimita 1, na likikosa pa kwenda, vigae hunyanyuka katikati kama hema. Nje huachwa mwanya wa kutanukia kila baada ya mita 2.5 hadi 3.5 kwa pande zote mbili, na pia pale kaunta inapokutana na ukuta, kwenye kona na kuzunguka nguzo. Mianya hii hujazwa silikoni. Silikoni yenye harufu ya siki hutoa tindikali inapokauka, nayo hudhuru saruji, marumaru na chuma. Inayofaa ni ile isiyo na harufu hiyo, na pua inatosha kuzitofautisha.

Majira ya kazi yachaguliwe. Kipupwe, kati ya Juni na Agosti, ndicho kipindi kizuri cha pwani: mvua chache, jua la wastani. Kazi ya Januari ifanyike asubuhi mapema au chini ya turubai, na ukuta uliopata joto ufutwe kwanza kwa kitambaa chenye maji.

Kinu hakina kigae kinachokiweza. Pigo la mchi hupita moja kwa moja mpaka chini, na hata kaure nene huachia gundi kabla haijapasuka. Mpango mzuri huacha eneo la sentimita 60 kwa 60 la zege tupu, lililomwagwa juu ya ardhi iliyoshindiliwa na kutengwa na sakafu kwa mwanya wa silikoni. Mbuzi ya kukunia nazi na jiwe la kusagia hupata mahali hapo hapo.

Wakati wa kununua, vigae vyote vitoke kwenye boksi zenye namba moja ya rangi na namba moja ya ukubwa, kwani kila uchomaji hutofautiana kidogo. Asilimia 10 huongezwa kwa ajili ya kukata na kuvunjika, 15 kama vitalazwa mshazari, na boksi moja zima huhifadhiwa.

Usafi wa kila siku ni sabuni na maji. Dawa kali za chooni zina tindikali inayokula grauti ya saruji kwa kasi ambayo miezi michache inatosha kuifukua. Mstari ulioharibika hukwanguliwa kwa kina ndipo ujazwe upya. Kupaka grauti mpya juu ya ya zamani hudumu wiki chache tu.

Masika ya kwanza yakipita, kila kigae kigongwe kwa mpini wa mwiko wa kupikia. Kilichoshika hutoa mlio mfupi na mzito. Kilichoachia hulia kitupu. Kung'oa kimoja, kusafisha kitanda chake na kukipachika upya, au kuchukua kingine kutoka kwenye boksi lililohifadhiwa, ni kazi ya asubuhi moja. Kikiachwa, maji ya vuli yataingia kwa mlango huo huo na kuvifuata vya jirani.